Maombi ya Kumwingiza Baltazari kwenye Mtungi wa Bwana Mifugo

Mimi Scola mke wa Baltazari,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Chala.
Tarehe 3 Mei, 1995.

Kwa Bwana Mifugo Mkubwa,
Bomani.

YAH: KIJANA WAKO ENOCK KUMKATALIA MUME WANGU KUTOA MBEGU

Mheshimiwa Bwana Mifugo,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi marahaba, tusipotezeane muda. Sisi huku Chala wazima, isipokuwa baridi imeanza na upepo wake ule unaoingia mpaka kwenye meno. Natumaini huko Bomani mna makoti.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ndiye Scola, mama Luciana. Ukifika Chala ukauliza Scola yupi, watakwambia yule anayeongea. Usikasirike, mimi sikasiriki. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaachishwa nikamlee mdogo wangu Flavian aliyekuwa bado mgongoni, kwa hiyo barua hii ikiwa na makosa ya kuandika, lawama apewe Flavian.

Na habari yenyewe ni ya huyo huyo Flavian. Ameoa mwaka wa tano sasa. Mke wake ni Bertha, binti wa kule Kate, ndoa ya kanisani kabisa, tulicheza mpaka kiatu changu kikaachia soli. Mwaka wa tano huu, Bwana Mifugo, hakuna mtoto. Hata wa kusingiziwa.

Najua mawifi wengine mke wa kaka au wa mdogo akikosa mtoto wanafurahi, wanapata la kusema. Mimi siko hivyo. Mimi Bertha nampenda kwa sababu ana masikio. Nikikaa naye nikaanza habari, hashiki ufagio, hatazami jua, hajifanyi mboga inaungua. Anakaa vizuri, anasema, "Ee wifi! Halafu?" Bwana Mifugo, hiyo "halafu" yake ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi. Watoto wangu tisa hawajawahi kuniambia halafu. Mume wangu tusimtaje.

Sasa kaka zake Bertha wawili wametuma salamu kwamba wakishavuna ulezi wanakuja. Na wanakuja na mkokoteni. Wewe ni mtu wa ofisi, nikuulize: watu wanakuja kusalimia dada yao na mkokoteni wa nini, kama si wa kubebea kitanda na masufuria? Wanakuja kumchukua. Watasema shamba halijaota miaka mitano, mwanamke arudi kwao. Hapo nitabaki na nani? Nitakwenda kuongea na mashine ya kusaga, nayo inanizidi sauti.

Ndiyo nikawa natafuta njia, na njia nikaiona kwa macho yangu mwezi wa pili, uani kwa Masunga.

Masunga unamjua, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, tunapakana naye upande wa bonde. Siku hiyo Enock wako alikuja na pikipiki, nyuma amefunga mtungi. Tukaenda wote kutazama, maana pikipiki ikiingia huku haitazamwi na mtu mmoja. Akafungua ule mtungi ukatoa moshi, nikasema huyu kijana kaja na uji, kumbe moshi wa baridi! Akachomoa kijirija chembamba kama cha kunywea soda. Akasema humo ndani mna mbegu za dume la Ulaya, na dume lenyewe liko mbali, pengine limeshakufa, lakini mtamba wa Masunga atazaa. Akamwekea pale pale, ng'ombe hata hakuacha kutafuna. Enock akanawa mikono kwa sabuni, akapewa togwa, basi. Hakuna dume, hakuna vumbi, hakuna aibu.

Mimi nikabaki nimesimama. Wenzangu wakaondoka, mimi nimesimama. Nikasema moyoni, Scola, Mungu amekuletea jibu kwa pikipiki.

Kwa sababu Bertha hana shida, mwanamke mnene, mwenye damu. Shida itakuwa kwa Flavian, maana mtoto aliyelelewa na mtoto wa darasa la tatu lazima kuna kitu kilisahaulika. Na mimi nyumbani nina Baltazari. Baltazari si wa ukoo wetu, yeye ni wa upande wa Milepa huko, kwa hiyo damu haigongani. Kila nikimaliza kunyonyesha, nina mwingine. Mtu kama huyo amekaa bure anaziba pancha za baiskeli.

Watu watauliza, wewe Scola huoni wivu? Nione wivu wa mrija?

Basi nikamwendea Enock, na tangu hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Nayaweka kwa namba usome vizuri.

1. Enock alinicheka. Nilimfuata kwa adabu, nimevaa kitenge cha kanisani, nikamwambia, "Mwanangu Enock, nina dume."

Akasema, "Sawa mama Luciana, la aina gani?"

Nikasema, "Baltazari."

Akasema, "Baltazari ndiyo jina la dume?"

Nikamwambia, "Ndiyo jina la fundi baiskeli, au kuna mwingine unamjua?"

Bwana Mifugo, yule kijana alikaa chini kwenye nyasi na helmeti yake kichwani. Akacheka mpaka mtungi ukataka kuanguka. Halafu akasema, "Mama, hii ni ya ng'ombe." Kana kwamba mimi sioni pembe! Nikamjibu kwamba hata galoni langu lilikuja na mafuta ya taa, nikalisugua kwa majivu, leo linabeba maji ya kunywa na hakuna aliyekufa. Chombo ni kuosha. Akasema, "Mama, siyo habari ya kuosha." Nikamuuliza sasa ni habari ya nini, akapiga teke pikipiki akaondoka. Mtumishi wa Serikali akiulizwa swali anaruhusiwa kuondoka?

2. Ng'ombe wana kitabu, Bertha hana. Enock ana kitabu cha picha za madume, karatasi zinang'aa. Masunga, ambaye hajui kusoma, anakaa kwenye kigoda anafunua, anachagua: hili hapana, hili miguu myembamba, hili macho yake ya wizi. Kila dume limeandikwa urefu, uzito, mama yake alitoa maziwa kiasi gani. Ng'ombe wa Masunga anatafutiwa mchumba kwenye kitabu, na binti wa watu aliyebatizwa hana hata ukurasa mmoja! Nimeona nikusaidie kazi, ukurasa wa Baltazari nimeuandika mwenyewe, uubandike tu:

Jina: Baltazari. Urefu: akiingia kwetu anainama, akisahau anakumbushwa na mlango. Meno: yote yapo ila moja, lilitolewa na pedeli. Mama yake: alifika miaka themanini anachota maji mwenyewe, maziwa sikuuliza. Watoto: tisa, wazima wote, hakuna kifafa, mmoja anakojoa kitandani lakini huyo ni uvivu. Kazi: fundi baiskeli. Tabia: mpole, haongei. Miaka ishirini na mbili ya ndoa sijamsikia akimaliza jambo alilolianza kusema. Mbegu hiyo mtu akiipata amepata mtoto wa kimya, na majirani watashukuru.

Nilimsomea Masunga, akasema kwa jinsi ilivyoandikwa hata yeye angechukua.

3. Kwa nini mbegu zitoke Ulaya? Siku hizi tunaambiwa soko huria, kila mtu auze chake. Sawa. Lakini angalia ilivyokuwa: shati letu limekufa, tunavaa mitumba. Sabuni yetu imekufa, tunaoga na ya wenzetu. Sasa mpaka dume linatoka ng'ambo! Leo ni ng'ombe, kesho wafanyabiashara wataleta na za watu, zimefungwa kwenye marobota, akina mama tuiname barabarani tunachambua, hatujui mwenyewe alikuwa nani, mlevi au mwizi. Wakati wa ndani tunao, wako wazima, wamekaa kivulini wanapaka gundi. Mimi sipingi soko huria. Nasema tu na sisi tuwe upande wa kuuza.

4. Suala la dini nimeshalimaliza, kwa hiyo ofisi yako isijifiche huko. Nilimuuliza katekista wetu Polikarp, baada ya Rozari. Sikutaja jina la mtu. Nilisema, "Mwalimu, tuseme mwanamke fulani wa Kate, ambaye ni mke wa mdogo wangu, asaidiwe na mume fulani ambaye ni fundi baiskeli, lakini wasigusane, wasionane, mmoja yuko Chala na mwingine yuko Chala lakini katikati kuna Bwana Mifugo. Ni dhambi?"

Polikarp alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Mama Luciana, dhambi hiyo sijawahi kuiona imeandikwa."

Nikamshukuru sana. Kama haijaandikwa si ruksa hiyo? Akaniita nyuma, "Ngoja mama, sikusema ruksa!" lakini nilikuwa nimeshafika mlangoni na kanisani hatupigi kelele.

5. Siri imevunjwa. Jambo la namna hii linataka siri, hilo naelewa hata bila shule. Mwenye kutoa asijulikane, mwenye kupokea asijulikane. Mimi kwa upande wangu nimelinda. Nimemwambia Enock kwa sababu ya kazi. Polikarp kwa sababu ya roho. Masunga na mke wake kwa sababu wana uzoefu wa mitamba. Na akina mama wa jumuiya ndogondogo, lakini hao niliwaambia tumefumba macho tunasali, kwa hiyo walio wengi hawakuona ni nani anayesema. Baada ya hapo nashangaa kwenda kisimani nakuta watoto wanaimba! Naomba Serikali imtafute anayevujisha. Chala tuna watu wabaya sana wa maneno.

Wenyewe Flavian na Bertha bado sijawaambia. Mambo makubwa haya mtu unaandaa kwanza kila kitu, halafu ndiyo unawaita. Baltazari nilimwambia wakati anajaza upepo. Alisimamisha pampu. Alinitazama kwa muda ambao tairi lile lingeweza kujaa mara mbili. Akasema, "Mke wangu, mimi..." Halafu akaendelea kujaza. Nimelichukua hilo kuwa ni kukubali.

6. Eustaki. Hili ndilo limenifanya nishike kalamu leo badala ya Jumapili. Eustaki ni yule mwenye banda la kuchoma nyama pale stendi. Baada ya siri kuvuja, amejitangaza kwamba na yeye anatoa! Anasema yeye haombi hata ukurasa kwenye kitabu, eti wateja wanamwona. Nilimfuata bandani kwake nikamwambia, "Eustaki, mama yako mzazi alikuwa anakufunga kamba mguuni usizurure, leo ndiyo unataka kuenezwa?" Akanijibu mbele ya watu, "Mama Luciana, soko huria hili, mwachie mteja achague." Na watu wakacheka, na mmoja akampigia makofi.

Sasa angalia hatari. Akikubaliwa Eustaki, kesho atakuja mwingine, keshokutwa vijana wote wa stendi wamejipanga mlangoni kwako wanasema mambo, poa, wanataka mrija. Kwa hiyo naomba uwepo ukaguzi. Nyama ya Eustaki yenyewe haiuzwi mpaka afisa aigonge muhuri, iweje yeye mwenyewe apite hivi hivi? Mtu apimwe, atazamwe meno, atembezwe uwanjani mbele ya wananchi, aulizwe habari za babu yake. Na kama nafasi ni moja, itajwe wazi kuwa ni ya Baltazari, ili wengine wasipoteze siku.

7. Matunzo. Mimi ni jirani wa ng'ombe na najua dume linavyotunzwa. Dume la Masunga halilimi. Halivuti mkokoteni. Linalambishwa chumvi, linapewa pumba, likikohoa anaitwa Enock. Ndiyo maana naomba kuanzia siku ya kuandikishwa Baltazari asiitwe kwenye kazi za kijiji za kuchimba barabara. Asipande baiskeli, abaki kuzitengeneza tu, maana nasikia kiti kinaharibu. Apewe koti la Serikali kwa ajili ya baridi hii, kwa sababu kama mbegu zinataka baridi, mwenye mbegu anataka joto, ama sivyo tutachanganya mambo. Akitaka kwenda Kabwe kununua samaki apewe kibali kile cha kusafirishia mifugo, ili kama akipotea njiani ijulikane ni mali ya nani. Habari ya kumtoboa sikio na kumtia namba, tumekaa kama familia, yaani nimekaa mimi, nikaona hapana. Ila kama ni lazima, liwe la kushoto.

8. Jina. Kwake Masunga kuna desturi yake: ukipeleka mtamba wako kwa dume lake, hakudai kitu, unapeleka bonge la chumvi tu kwa heshima. Lakini ndama akizaliwa, mwenye dume ndiye anayempa jina. Ndiyo maana Chala nzima ina ndama wanaitwa kwa majina ya Kisukuma ambayo wenye ng'ombe hawawezi kuyatamka. Naona desturi hiyo ni nzuri na tuifuate. Mwenye dume hapa ni mimi. Mtoto wa kwanza wa Bertha nimeshamtafutia: akiwa wa kike ni Scola, akiwa wa kiume ni Baltazari Scola. Na baada ya Bertha wako wengine. Nimehesabu kwenye vidole, Chala peke yake kuna nyumba nane zinazosubiri, nikafika mpaka Kate vidole vikaisha nikavua ndala. Wote hao jina litoke kwangu.

Sasa ikienda vizuri hivi, kuna habari gani ya kukaa Nkasi tu? Mkoa wetu unalisha nchi mahindi, malori yanapanda na kushuka. Si mtungi mmoja ungekaa juu ya magunia? Zambia hapo tunawaona. Siku moja mimi natembea Mbala mjini, mtoto nisiyemjua anainama kuingia mlangoni, anaanza kusema neno halimalizi, mimi nitajua huyu ni wa kwetu. Nimeshajua tutamwambia nini mtu wa forodha pia, lakini hilo nitakueleza tukionana.

9. Kuna namba tisa ilikuwa hapa, nimeisahau. Ilikuwa juu ya Enock pia.

Bwana Mifugo, nimeandika sana, lakini mimi hapa nimejizuia. Ombi langu ni fupi: mwamuru Enock aje na mtungi mtupu kabla ulezi haujaisha kuvunwa. Shamba la kaka zake Bertha si kubwa, nimepeleleza. Wale wakishaingiza debe la mwisho ndani, mkokoteni unafungwa ng'ombe, na huo mkokoteni ukifika kwa Flavian kabla ya mrija, mimi nimekwisha. Sijifichi. Watu wanafikiri mtu anayeongea sana ana rafiki wengi. Anao wa kuwasemesha tu. Wa kukaa chini akamsikiliza mpaka mwisho, mimi nilipewa mmoja, na nilimpata nikiwa na miaka thelathini na nane. Naomba asibebwe na mkokoteni.

Nisalimie mama watoto hapo kwako, nisalimie mpiga chapa wako hata kama simjui, na mlinzi wa getini, na ng'ombe wote walio chini ya ofisi yako. Baltazari naye angekusalimu lakini ndiyo ulivyosikia.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, niliyechoka mkono lakini si mdomo,

Scola mke wa Baltazari (mama Luciana)

Sahihi ya mtoaji: Baltazari (amekataa kalamu, nimemwekea mimi)

Sahihi ya mpokeaji: ...........

N.B. Bwana Mifugo, hapo penye nukta palinitia kwenye matatizo. Nilikumbuka ofisi haipokei karatasi isiyojazwa, kwa hiyo jana nikaichukua barua nikaenda nayo kwa Bertha aweke sahihi. Nikamkuta yuko na Flavian wanapukuchua mahindi. Nikawasomea yote, tangu shikamoo mpaka kwenye ng'ombe wa ofisi.

Flavian alitoka nje. Nikamsikia huko nyuma ya nyumba kama mtu anayekabwa, nikajua analia, nikamfuata, kumbe amelala kwenye maganda anacheka. Bertha hakucheka. Alishika mkono wangu, akasema, "Wifi, kaa. Leo nisikilize wewe." Nikakaa. Ikaniuma kwenye taya, lakini nikasikiliza.

Akasema, "Wifi, sisi hatujakosa mtoto. Hatujaanza kutafuta." Nikasema, ee Bertha! Halafu? Akasema tangu mwezi ule walipooana anachoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, kwenye kituo cha afya. Walikubaliana yeye na Flavian kwamba hawazai chini ya nyasi zinazovuja, mpaka nyumba iezekwe bati. Hawakumwambia mtu kwa kuogopa Polikarp na wazee, na mimi hasa. Kaka zake wanajua tangu mwanzo. Mkokoteni ni wa kuleta bati, wameshazinunua, na huo ulezi ukiisha wanakuja na misumari kupaua. Flavian hana ubaya wowote kwa afya yake, nilimlea vizuri, sentensi zile ufute.

Wameniapisha kwa Bikira Maria nisimwambie mtu wa Chala. Wewe uko Bomani.

Kwa hiyo malalamiko yote, kuanzia namba moja mpaka ile niliyoisahau, nayaondoa. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu sina karatasi nyingine na Enock yuko hapa mlangoni na pikipiki, ndiye anayekuletea. Ameapa hatasoma.

Halafu nilimuuliza Bertha, hiyo sindano inauma? Akasema kidogo. Leo asubuhi tumekwenda wote wawili, nimechoma na mimi. Baltazari nilipomweleza, alisema, "Ahsante sana mke wangu," maneno manne, na akayamaliza. Nesi aliniuliza, mama una watoto wangapi, nikasema tisa. Akaweka kalamu chini akanitazama. Akasema, "Tisa! Mama, siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nahangaika na Bwana Mifugo.